Saa ya Ng'ambo

Jumanne, 13 Januari

Shule zimefunguliwa. Kwenye semina walitugawia daftari moja moja, wakasema kila mvushaji aandike siku kwa siku: watoto wangapi, mvua au jua, jambo gani limetokea. Wenzangu wanaandika namba tu. Mimi naandika na ya kwangu, kwa sababu daftari lina kurasa nyingi na jioni sina mtu wa kumsimulia. Baba Pendo alipanda lori la kwenda Kongo mtoto akiwa na miezi mitatu. Sasa Pendo ana mwaka na miezi minne, na lori halijarudi.

Kazi yetu iko hivi. Kivuko cha shule kiko kwenye barabara kuu hapa Tunduma, pale foleni ya malori ya mpakani inapoanzia. Tunasimama wawili. Mmoja anakaa mbele na kibao cha kusimamisha magari, ndiye mimi. Mwingine anakaa ubavuni, anachungulia upenyo kati ya malori na mtaro, maana lori likisimama bodaboda hazisimami, zinapenya. Huyo ni dada Gwantwa. Zamu inaanza saa kumi na mbili kamili asubuhi mpaka saa mbili na nusu, halafu tena mchana watoto wakitoka.

Mkataba tulisaini Desemba na shirika la Vivuko Salama. Msimamizi wetu, Bwana Yesaya, alitusomea kwa sauti: mtu akiumia ndani ya zamu anapewa likizo ya majeraha, mshahara unaendelea mpaka daktari aseme amepona. Dada Gwantwa akaninong'oneza, "Basi tuumie kidogo tupumzike." Tulicheka mpaka watu wakageuka.

Jumatano, 14 Januari

Mvua. Watoto 212.

Ijumaa, 16 Januari

Watoto 230. Dereva mmoja wa Zambia alichungulia dirishani akaniambia, "Bamayo," yaani mama kwa lugha yao, "njoo nikuoe, nina magurudumu kumi na nane." Kabla sijafungua mdomo dada Gwantwa akadaka kutoka ubavuni: "Kumi na nane na foleni siku ya tatu hujavuka? Sasa harusi utafika lini?" Yule baba alicheka mpaka akapiga honi bila kutaka, watoto wakaruka.

Kazi hii ni yeye alinitafutia. Mwaka jana nilikuwa nauzia madereva maandazi alfajiri, Pendo mgongoni, nikinyeshewa naye. Dada Gwantwa akanishika mkono mpaka kwa Bwana Yesaya, akasema, "Huyu ni mdogo wangu." Si ndugu wa damu. Yeye wa kijiji cha Mbebe, mimi wa Ikinga, amenizidi miaka minne. Lakini tunaongea Kindali wenyewe wawili tusipotaka madereva wasikie, na hapa mjini hiyo ni nusu ya undugu.

Jumatatu, 26 Januari

Mvua. Dada Gwantwa ameanza kupeleka mayai ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia. Siku nyingine analala huko huko kwa dada yake, asubuhi ndiyo anavuka mpaka. Nimemwambia asije akanichelewea. "Mimi? Ukiona nimechelewa ujue jogoo wote wa Tunduma wameliwa."

Jumanne, 3 Februari

Mvua. Pendo anaota jino, hatujalala. Watoto 241.

Jumamosi, 7 Februari

Naandikia kitandani. Mguu wa kushoto umefungwa plasta kuanzia juu ya goti mpaka vidoleni.

Ilikuwa Alhamisi. Nilimnyonyesha Pendo, nikamkabidhi kwa Mama Ashraf, mwenye nyumba wetu, nikaenda. Nilivaa rifleta, ile fulana yetu ya kung'aa, nikasimama. Dada Gwantwa hayupo. Nikasema yuko mpakani, anakuja. Giza lilikuwa ndiyo linaachia, manyunyu, malori yamewasha taa zote. Ukiwa peke yako unatakiwa kuvusha watoto wachache wachache. Lakini walikuwa wamejazana ukingoni, wamelowa, wadogo wanalia baridi. Nilivusha kundi la kwanza, la pili. La tatu, msichana mmoja mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake alitangulia mbele ya wenzake. Sikuiona pikipiki, niliisikia. Ilitoka upande wa mtaro, ubavuni. Nilimsukuma yule mtoto kwa kibao, akaanguka nyuma kwenye matope. Mimi sikupata muda wa kuanguka vizuri. Mfupa ulilia kama muwa.

Mwenye pikipiki aliiinua akakimbia. Dereva wa lori akashuka, akanishikia mwavuli, anasema "Pole bamayo, pole bamayo," kama ndiye aliyenigonga. Dada Gwantwa alifika wakinipakia kwenye bajaji. Alipanda, akaweka kichwa changu mapajani mwake. Alilia kuliko mimi. Zahanati walinifunga kwa muda, hospitali wakanipiga picha. Mfupa chini ya goti umevunjika sehemu mbili. Daktari amesema wiki nane nisikanyage chini, na nikikanyaga kabla utaungana upande, nitachechemea maisha.

Msichana hakuumia. Begi tu lilichanika.

Jumatatu, 9 Februari

Dada Gwantwa amekuja na supu ya kuku. Amemwogesha Pendo, amefua nepi zote, amenisuka. Alileta na fomu ya ajali, ameijaza yeye kwa sababu ndiye mwenzangu wa kituo. "Saini hapa chini, mdogo wangu, mengine nimemaliza." Kichwa kilikuwa kizito kwa dawa. Nikasaini.

Jumatano, 11 Februari

Mvua. Amekuja tena. Ameleta ndizi.

Jumamosi, 14 Februari

Maumivu. Mvua inapiga bati, siwezi hata kusikia mtoto akiita.

Jumatano, 18 Februari

Barua imekuja. Nimeisoma mara nne. Wanasema kulingana na fomu ya ajali niliyosaini mwenyewe, niliumia saa 11:40 alfajiri, na zamu inaanza saa 12:00. Kwa hiyo sikuwa kazini. Likizo ya majeraha hainihusu. Napewa likizo isiyo na malipo mpaka tarehe 15 Machi, na tarehe 16 nisipokuwa kituoni nafasi itajazwa.

Tarehe 16 Machi mguu utakuwa haujafika hata wiki sita.

Alhamisi, 19 Februari

Nimempigia dada Gwantwa.

"Mbona umeandika saa kumi na moja na arobaini?"

"Niliangalia simu nikaandika. Ndivyo ilivyosema."

"Mimi nilipoumia zamu ilikuwa imeanza, dada."

"Labda siku ile uliamka mapema, Loisi. Ukiwa na mtoto anayeota jino unajua basi saa?"

Na kweli nikaanza kujitilia shaka. Nimekaa mchana kutwa najiuliza kama niliamka usiku wa manane nikadhani kumekucha.

Jumamosi, 21 Februari

Nimejua! Mungu ambariki Mama Ashraf na mdomo wake.

Jina lake ni Nuria, ni mtu wa Kondoa, anauza vitenge na kandambili hapo mbele ya nyumba, na wateja wake wengi ni Wazambia. Alikuja kunipa uji, akakuta barua juu ya mto, akaisoma bila kuomba ruhusa.

"Saa kumi na moja na arobaini? Saa ya nani hiyo?"

"Ya nani vipi, Mama Ashraf?"

"We mwanangu, siku ile umenipa mtoto mimi nimeshaswali, chai imeiva, namfungulia duka mteja wa kwanza. Saa kumi na moja na arobaini mimi ndiyo kwanza natia udhu. Ungenipa mtoto nimpokee kwa mikono ya udhu? Nyanyuka ukaangalie ukuta wangu."

Nilijikokota kwa makalio mpaka dukani. Ukutani kwake kuna saa mbili. Moja ya kwetu. Nyingine iko nyuma saa nzima kamili.

"Hiyo ni ya ng'ambo," akasema. "Ya kuwaambia wateja wangu mpaka unafungwa saa ngapi kwao. Sasa niambie, simu ya huyo rafiki yako ililala wapi usiku ule?"

Ililala Nakonde. Ilishika mtandao wa kule ikashika na saa ya kule. Sote hapa Tunduma tunalijua hilo, simu inarukaruka mpaka tunazoea kuongeza saa kichwani, na dada Gwantwa siku ile hakuongeza. Niliumia saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nilikuwa zamuni kama mtu mwingine yeyote. Na yeye maskini alichelewa bila kujua, aliamka na simu akadhani amewahi.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kosa la simu! Halina mwenyewe. Nikampigia. Nikasikia mvua upande wake, halafu naye akacheka. "Kumbe! Jumatatu asubuhi naenda kwa Bwana Yesaya, naandika upya. Lala, mdogo wangu."

Nimelala.

Jumatatu, 23 Februari

Hajaenda. Mvua ilizidi.

Jumanne, 24 Februari

Anasema ameenda, Bwana Yesaya hayupo, amesafiri Nanyala.

Alhamisi, 26 Februari

Hajaenda. Mayai.

Jumamosi, 28 Februari

Hapokei simu. Nimemwambia Mama Ashraf labda ameishiwa chaji. Akasema, "Ndiyo, na mimi nimeishiwa umri."

Jumanne, 3 Machi

Leo nimeenda ofisini kwa magongo ya kuazima, kwenye bajaji, Pendo amebaki.

Nilimweleza Bwana Yesaya habari ya saa ya ng'ambo, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza akizungusha kalamu. Si mtu mbaya. Alinivutia kiti kingine niweke mguu. Nilipomaliza akasema, "Mama Pendo, mwenzako alikuja wiki iliyopita. Jumanne."

"Nilijua atakuja. Si amekueleza?"

Alifungua faili akanipa karatasi. Juu imeandikwa *Maelezo ya nyongeza*, tarehe 24 Februari. Mwandiko ninaujua, ndio unaoniandikiaga idadi ya watoto siku mkono wangu ukiwa na baridi.

Imeandikwa: *Loisi ana kawaida ya kufika kivukoni alfajiri kabla ya zamu kuuzia madereva maandazi. Siku ya ajali alikuwa kwenye shughuli hiyo. Zamu ilikuwa haijaanza, na mimi nilikuwa bado sijatakiwa kuwepo kituoni.*

Nimeisoma kama mtoto wa darasa la pili, neno moja moja. Maandazi! Maandazi nimeacha tangu siku ile aliyonishika mkono kuniingiza mlango huu huu. Nani mwingine anayejua nilikuwa nauza maandazi? Amechukua kitu cha kweli, cha aibu yangu ya zamani, akanijengea nacho uongo.

Na mstari wa mwisho ndio ulionionyesha sababu. Kama ni saa kumi na mbili na arobaini, mimi nilikuwa kazini na yeye hakuwepo, na pikipiki ilipita pale pale alipotakiwa kusimama. Kama ni saa kumi na moja na arobaini, hakuna aliyekosa. Mguu umevunjika tu wenyewe.

"Bwana Yesaya, wewe unaamini hii?"

"Mimi natembea na karatasi, Mama Pendo. Karatasi zako hapa ni mbili, na moja umesaini wewe. Niletee ya kwako."

Alhamisi, 5 Machi

Jana sikuandika. Nililia, halafu nikamnyonyesha mtoto, halafu nikalia.

Mama amepiga kutoka Ikinga, anataka nirudi nyumbani nikapone. "Na kazi, mama?" "Kazi ina miguu mingapi?" akasema. Lakini kule barabara imekatika kwa mvua, bajaji haifiki, na nikishaenda hii nafasi sitaiona tena.

Ijumaa, 6 Machi

Nimeenda zahanati. Yule nesi aliyenifunga mguu alinikumbuka. Alifungua kitabu cha mapokezi, akapitisha kidole: tarehe 5 Februari, Loisi, mguu, *saa 12:55 asubuhi*. Nikamuuliza kama waliangalia simu.

"Simu? Dada, sisi saa yetu imepigiliwa misumari ukutani. Ingekuwa inavuka mpaka tungekuwa tunawapa watu dawa za jana."

Kutoka kivukoni mpaka pale bajaji haizidi dakika kumi. Kama niliumia saa kumi na moja na arobaini, basi nililala barabarani saa nzima na zaidi, watoto wakiniruka kwenda shule. Nesi ameniandikia barua na kugonga muhuri. Nimewapelekea ofisi. Wamenipangia kikao tarehe 16.

Jumapili, 8 Machi

Amekuja. Baada ya ibada, na gauni la kwaya. Alisimama mlangoni maji yanamchuruzika. Pendo alimkimbilia, maana yeye hajui kusoma karatasi. Akambeba.

"Karibu ukae," nikasema. Mtu akija kwako unamkaribisha.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, karibu na mguu.

"Nesi amenipigia namba niliyoiacha zahanati, kuuliza nilikushusha saa ngapi," akasema.

"Ukamwambiaje?"

"Nikakata." Akaanza kulia. "Loisi, nilienda kurekebisha. Haki ya Mungu, nilienda na nia hiyo. Nimefika Bwana Yesaya akaniuliza, 'Sasa kama ni kumi na mbili na arobaini, wewe ulikuwa wapi?' Nikaona watoto wangu wawili mbele ya macho. Kalamu ikaenda yenyewe."

"Kalamu haijui kuwa nilikuwa nauza maandazi, dada."

Akainama.

"Wewe una mama Ikinga," akasema. "Una pa kwenda. Mimi wazazi wangu wameshalala kaburini wote."

Hapo ndipo nilipoumia kuliko barabarani. Kumbe alikuwa ameshakaa akapima, akaona mimi ndiye wa kutupwa kwa sababu nina mahali pa kuangukia.

"Sikulaumu kuchelewa," nikamwambia. "Ningekubebea hiyo. Ungeniambia siku ile ile, tungeenda wawili."

"Basi tuseme hivi. Saa ilikosewa, lakini mimi nilikuwepo. Nilikuwa ubavuni, pikipiki ikatuzidi akili. Wewe unapata likizo yako, mimi nabaki na kazi. Nani anaumia?"

Mtoto alikuwa amemlalia begani. Nilinyoosha mikono, akanirudishia. Aliondoka bila mwavuli. Nilimwita achukue wangu, hakugeuka.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Nimefikiria neno lake. Bado nafikiria.

Jumatatu, 16 Machi

Kikao. Bwana Yesaya alinikuta kwenye benchi nje, akaniambia kwa sauti ya chini yale yale: "Sema saa ilikosewa lakini mwenzako alikuwepo. Mtapona wote, na mimi nitapona." Kumbe ameshaongea naye.

Sitasema uongo kwamba sikuyumba. Ni neno dogo, *alikuwepo*. Lakini nilikaa pale nikaliona lile kundi la watoto ukingoni. Nikisema kulikuwa na macho ubavuni, basi kilichobaki ni kwamba mimi nilisimama na kibao nikawaingiza watoto njiani vibaya, mwenzangu yupo. Na kesho watamsimamisha mtu peke yake asubuhi nyingine, maana karatasi itasema wawili hawakusaidia kitu.

Ndani alikuwepo mama mmoja wa makao makuu, mwenye miwani. Gwantwa alikaa upande wa pili wa meza. Tangu Januari tumekuwa upande mmoja wa barabara, leo ndiyo kwanza naona uso wake kwa mbele.

"Saa ya ajali?" yule mama akauliza.

"Kumi na mbili na arobaini asubuhi. Ya kwetu."

"Mwenzako alikuwa wapi?"

Bwana Yesaya alikohoa.

"Njiani," nikasema. "Nilikuwa peke yangu."

"Alijua kwamba amechelewa?"

"Siku ile hakujua. Simu ilimdanganya. Alijua tarehe 21 Februari, nilipomwambia mimi."

"Alipojua akafanya nini?"

"Akaandika maandazi."

Gwantwa alijifunika uso kwa kanga. Nilitamani kumshika. Sikumshika.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Jibu bado.

Ijumaa, 27 Machi

Barua. Likizo ya majeraha imekubaliwa tangu tarehe 5 Februari, yenye malipo, mpaka daktari atakapoandika nimepona. Nafasi yangu ipo.

Bwana Yesaya aliileta mwenyewe. Ameniambia na mengine, amesimama uani, hataki kuingia na viatu vya matope. Gwantwa amesimamishwa kazi. Si kwa kuchelewa. Kwa kuchelewa, na sababu yenyewe simu, angepewa onyo la mdomo tu, hata kwenye faili lisingeingia. Amesimamishwa kwa ile karatasi ya pili.

Onyo la mdomo. Yaani alinitupa kukwepa maneno ya dakika mbili.

Mama Ashraf amepiga vigelegele mpaka wateja wakaja kuuliza kuna harusi ya nani. Mimi nimekaa na barua mapajani, furaha nimeisubiri ije, imekuja nusu.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Plasta imetolewa Alhamisi, mguu umekonda kama wa mtu mwingine. Kanisani walipotuambia tutakiane amani, wanawake walinisukumia Gwantwa mbele yangu. Nilimpa mkono. Wakasema haleluya, wamepatana. Sikuwasahihisha.

Jumanne, 14 Aprili

Daktari ameongeza wiki tatu za mazoezi. Nimetembea mpaka dukani kwa Mama Ashraf na kurudi, kwa gongo moja.

Mchana Bwana Yesaya amepiga.

"Mama Pendo, habari za mguu?"

"Unaitikia vizuri."

"Sikia. Msichana niliyemweka mbele hajui kitu, madereva wanamchezea. Njoo hata siku mbili, nikuwekee kiti, umwelekeze ukiwa umekaa."

"Niko likizo, Bwana Yesaya."

"Kwa muda wa saa mbili tu, asubuhi."

"Niko likizo."

Akapumua. "Haya. Jingine. Gwantwa ameomba arudi. Makao makuu wanasema ukiandika kwamba uko radhi kusimama naye, watamrudisha. Neno lako tu ndilo wanasubiri."

Nilimwona siku ile ndani ya bajaji, machozi yake yakinidondokea usoni, kichwa changu mapajani mwake. Yalikuwa machozi ya kweli yale. Hiyo ndiyo shida yake.

"Waandikie hivi," nikasema. "Nimemsamehe. Wampe kazi nyingine, kituo kingine, mimi nitashukuru, watoto wake wapate kula. Kusimama naye barabarani, hapana."

"Hapana kabisa?"

"Nikiwa nimempa mgongo siwezi kumwona, Bwana Yesaya. Kazi yetu ni ya kupeana mgongo."

Akasema ataandika. Nimezima simu, nikapanda kitandani na mwanangu mchana kweupe, mvua ikinyesha, na hakuna mahali popote ninapotakiwa kuwa.